Kurudia Kidato

Maji kwanza, anasema Nolfa, unga baadaye.
Ukianza na unga, vumbi litakurukia usoni
na chini ya ndoo kitabaki kiini kikavu
kikikungoja umalize kujisifu.

Ni Agosti, kilimani Valparaíso, baridi ya kukaza vidole.
Ukungu umepanda kutoka bandarini
ukaketi kwenye ngazi bila kupiga hodi.
Vidato ni mia moja na kumi na viwili.
Mimi nimerudishwa cha saba.

Nilikifanya Januari, kwa pupa,
jua shingoni, grauti ikinigandia ndooni.
Nikaongeza kikombe cha maji. Hakuna aliyeona.
Ikalainika, ikateleza kama uongo wa kwanza.
Juni mvua ikaja kuuliza.
Kufikia Julai mtoto wa Yasna
alikuwa aking'oa vigae kwa kijiti cha aiskrimu,
akiniletea mfukoni, kimoja kimoja,
akidhani ni zawadi.

Nolfa hakunigombeza.
Alipitisha ukucha kwenye kiungo,
ukatoka umejaa unga, akaupuliza,
akanikabidhi patasi.

Basi, upya. Glavu, maana saruji hula ngozi kimyakimya,
hujui mpaka usiku, unapokamua limau.
Barakoa. Grauti yenye mchanga,
kwa kuwa nafasi zangu ni pana, penseli inazama;
zingekuwa nyembamba kama uzi, tungetumia ile laini.
Rangi nilitaka nyeupe. Kila anayeanza hutaka nyeupe.
"Nyeupe, kwenye njia ya watu? Utaifulia wewe?"
Tulipaka kijivu kwenye kibao tangu juzi,
tukakingoja kikauke, kwani rangi mbichi ni ndumilakuwili.

Koroga polepole.
Ukipiga kama mayai unaingiza hewa,
na hewa haijawahi kushika kigae.
Itazame mwikoni: nzito kama siagi ya karanga,
isidondoke, isikatike.
Kisha iache.

Hapo ndipo nilipokosea, kumbe,
hata kabla ya kile kikombe.
Dakika kumi, ndoo chini ya kitambaa chenye maji.
Usiguse. Usichungulie.
Nolfa anamimina chai ya chupa, ananisimulia nyonga yake.

Don Baldovino anashuka na mfuko wa duka la dawa,
ndani mna sahani ya marehemu mkewe,
maua ya samawati, vipande vinne.
Haikuanguka, anasema. Nimeivunja mwenyewe,
Jumapili, kwa nyundo, ndani ya taulo.
Nimechoka kuiosha kwa woga.
Anataka vipande vikae vikigusana, kama vilivyokuwa.
"Visigusane," Nolfa anamjibu. "Vikigusana
grauti haina pa kupita,
na jua likiwaka vitasukumana."
Mzee anafikiri.
"Hata sisi tulisukumana," anasema.
Sahani itakwenda kidato cha nane, wiki ijayo;
gundi haina haraka kwa sababu ya msiba.

Dakika kumi na moja. Nakoroga tena, bila hata tone,
nayo imelainika yenyewe, bila kubembelezwa.
Naisukuma kwa mwiko wa mpira, mshazari,
hadi pembeni, hadi pale kidole hakifiki.
Nangoja utando upige weupe.
Sifongo nimelikamua mpaka likalia;
napangusa mara moja, nageuza upande, napangusa.
Maji machafu nayaacha ndooni yatuame:
mtaro huu unapita mlangoni kwa watu.

Magunia yenye unyevu juu yake, siku tatu.
Watu wanaruka kutoka cha sita hadi cha nane,
wengine wakinitazama, wengine wakinitaja.
Mtoto wa Yasna anauliza kama kimelala.
Namwambia atoe vilivyobaki mfukoni.
Anatoa viwili. Cha tatu, cha njano, anakifumbata,
anakimbia nacho juu.

Mahali pake nilishapajaza kijivu kitupu.
Ukipanda, hesabu saba, upande wa ukuta.
Pabonyeze kwa ukucha.